Canon 300D hadi 850D: Namba inapanda, je, kamera nayo inapanda?

Kila tunapogusia kazi za kujiajiri kwenye kipindi, hakukosekani ujumbe wa kijana anayetaka kuanza kupiga picha za harusi na mahafali. Swali lake huwa lile lile kwa sura tofauti: "Nimeona Canon 650D iliyotumika, na mwingine ana 700D ila bei yake imechangamka. Niongeze hela nichukue ya 700, au?"

Swali hilo si dogo. Pesa inayozungumzwa hapo mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, mkopo wa kikundi, au fedha ya mavuno. Akikosea, hatapata nafasi ya pili hivi karibuni. Na wengi huamini jibu limeandikwa kwenye kamera yenyewe: namba kubwa ndiyo bora.

Makala haya yanafuata mstari mmoja wa kamera, ule wa Canon kwa watumiaji wa kawaida, ulioanza na 300D mwaka 2003 na kufika 850D mwaka 2020. Tumeuchagua kwa sababu una matoleo mengi yanayofuatana, na kamera zake bado zinauzwa na kununuliwa tena mkono kwa mkono. Jambo la kushika ni hili: namba zilipanda kwa hatua zinazofanana, lakini kamera zenyewe hazikupanda hivyo. Kuna hatua ambayo mnunuzi alipata kitu kipya kabisa, na kuna hatua ambayo alipata karibu kamera ile ile kwa jina jipya.

DSLR ni kamera ya namna gani?

Herufi DSLR husimama badala ya kamera ya kidijitali yenye lenzi moja na kioo cha kuakisi. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama. Mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu na kufika kwenye tundu la kuchungulia. Ndiyo maana unachokiona kwa jicho ni kile kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka, na mwanga huangukia kihisi, yaani kipande kinachogeuza mwanga kuwa picha. Ule mlio unaousikia kila picha inapopigwa ni wa kioo na pazia.

Kamera zote za mstari huu zina kihisi cha ukubwa unaokaribiana sana, takribani milimita 22 kwa 15. Hicho ni kikubwa kwa mbali kuliko cha simu ya kawaida. Kwa hiyo mtu akikuambia toleo jipya lina kihisi kikubwa kuliko la zamani katika mstari huu, hajui anachokisema. Kilichobadilika ni kazi ambayo kihisi hicho kinaweza kufanya.

Kusoma namba na majina

Canon huhesabu kinyume na tulivyozoea: kadiri tarakimu zinavyopungua, ndivyo kamera inavyokuwa ya daraja la juu. Tarakimu moja, kama 5D au 6D, ni za wataalamu na waliobobea. Tarakimu mbili, kama 60D, 70D na 80D, ni za daraja la kati. Tarakimu tatu ndio mstari tunaouzungumzia. Tarakimu nne, kama 1100D, 1300D, 2000D na 4000D, ni daraja la bei nafuu zaidi.

Hapa ndipo watu wengi huumia. 1300D ilitangazwa mwaka 2016, na 700D mwaka 2013. Ukiangalia namba na mwaka, 1300D inaonekana ndiyo kaka mkubwa. Lakini 700D ina skrini ya kugusa inayogeuka na tundu la maikrofoni ya nje. 1300D haina hata kimoja kati ya hivyo. Hata ndani ya daraja hilo la chini namba zinadanganya. 2000D na 4000D zilitangazwa pamoja Februari 2018. Ya 2000 ina megapikseli 24.1, ya 4000 ina 18, na pete yake ya kufungia lenzi ni ya plastiki badala ya chuma.

Kuna pia tawi la pembeni la tarakimu tatu: 100D, 200D na 250D. Hizo zilitengenezwa ziwe ndogo na nyepesi, na hazifuati mpangilio wa ndugu zao.

Mtego wa pili ni majina. Kamera moja huuzwa kwa jina moja Ulaya na kwetu, jina lingine Marekani, na la tatu Japani. Kamera zilizotumika husafiri, hivyo unaweza kuzikuta zote kwenye kabati moja la duka zikiwa na bei tofauti. Mpangilio ni huu, kwanza jina tulilozoea, kisha la Marekani, kisha la Japani:

300D: Digital Rebel, Kiss Digital
350D: Rebel XT, Kiss Digital N
400D: Rebel XTi, Kiss Digital X
450D: Rebel XSi, Kiss X2
500D: Rebel T1i, Kiss X3
550D: Rebel T2i, Kiss X4
600D: Rebel T3i, Kiss X5
650D: Rebel T4i, Kiss X6i
700D: Rebel T5i, Kiss X7i
750D: Rebel T6i, Kiss X8i
760D: Rebel T6s, 8000D
800D: Rebel T7i, Kiss X9i
850D: Rebel T8i, Kiss X10i

Iangalie sana ile herufi "i" ya mwisho. Rebel T5i ni 700D, lakini Rebel T5 bila "i" ni 1200D ya daraja la chini. Rebel T3i ni 600D. Rebel T3 ni 1100D. Rebel T6 ni 1300D, na Rebel T7 ni 2000D. Herufi moja tu, na umenunua kamera nyingine kabisa.

2003 hadi 2006: kamera inashuka bei

300D ilitangazwa Agosti 2003. Ilikuwa na megapikseli 6.3, na habari yake kubwa ilikuwa bei: dola 899 za Marekani bila lenzi. Kabla yake, DSLR ya chini ya dola 1,000 haikuwepo. Kihisi chake kilikuwa cha megapikseli zile zile za 10D, kamera ya daraja la juu yake iliyotoka mwaka huo huo. Ili isimpokonye ndugu yake wateja, 300D ilinyimwa baadhi ya mambo. Baadaye watumiaji waligundua kwamba programu ya ndani iliyorekebishwa inaweza kufungua baadhi ya kazi hizo. Yaani kamera ilikuwa na uwezo huo tangu mwanzo. Ulikuwa umefungwa tu. Kumbuka jambo hili unaposoma matoleo yanayofuata: si kila tofauti kati ya kamera mbili imeletwa na fundi, nyingine imeletwa na mtu wa mauzo.

350D, ya Februari 2005, ilipanda hadi megapikseli 8 na kupungua uzito, kutoka gramu 560 hadi 485 bila lenzi. Faida yake kubwa ilikuwa kasi. Iliwaka mara moja, na iliweza kupiga picha nyingi mfululizo kabla ya kusimama kupumua, wakati 300D ilichoka baada ya picha nne.

400D, ya Agosti 2006, ilileta megapikseli 10.1, skrini ya inchi 2.5 badala ya 1.8, pointi 9 za fokasi badala ya 7, na mtambo mdogo unaotikisa vumbi kwenye kihisi. Kwa mazingira yetu ya vumbi la kiangazi, huo wa mwisho si wa kudharau, ingawa haumalizi kazi yote.

Kamera hizi tatu hutumia kadi nene za CompactFlash, na hazina video kabisa. Leo ni za kujifunzia tu, na kwa bei ya kujifunzia.

2008 na 2009: skrini inaamka, video inaingia

450D ilitoka Januari 2008 na megapikseli 12.2, skrini ya inchi 3 na kadi ndogo za SD tunazotumia hadi leo. Kubwa zaidi, ilileta uwezo wa kuitazama picha moja kwa moja kwenye skrini kabla ya kuipiga. Kwa mtumiaji wa simu hilo ni la kawaida, lakini kwa DSLR lilikuwa jambo zito: lazima kioo kiinuliwe na kibaki juu, na kihisi kifanye kazi mfululizo. Kamera ikishaweza hivyo, imebakiza hatua moja tu kufikia video.

Hatua hiyo ilichukuliwa kwanza na Nikon kwa D90 katikati ya 2008, kisha Canon ikafuata kwa 5D Mark II mwaka huo huo. Mstari wetu ulipata video Machi 2009 kwa 500D, yenye megapikseli 15.1 na skrini iliyo safi zaidi kuliko ya 450D.

Lakini video ya 500D ina kasoro mbili. Ukirekodi kwa ukubwa kamili wa 1080, inachukua fremu 20 tu kwa sekunde, wakati televisheni zetu hutumia 25. Mwendo unaonekana kurukaruka. Ukitaka mwendo laini inabidi ushuke hadi 720, ambako inachukua fremu 30. Kasoro ya pili ni sauti: hakuna tundu la maikrofoni ya nje. Tangazo la "500D inarekodi Full HD" ni la kweli, lakini halikuambii hayo mawili.

2010 na 2011: sauti inapata mlango

Kama ningeambiwa nichague hatua moja tu katika mstari mzima, ningechagua ya kutoka 500D kwenda 550D. Ilitangazwa Februari 2010 ikiwa na megapikseli 18 na video ya 1080 kwa fremu 24, 25 au 30 kwa sekunde. Pembeni, chini ya kifuniko cha raba, ikapata tundu la milimita 3.5 la maikrofoni.

Nalisema hili kama mtu wa redio. Niliwahi kwenda kumhoji mkulima mmoja shambani kwake nikiwa na kamera ya kuazima isiyo na tundu hilo. Picha ilikuwa nzuri: mzee amekaa, migomba nyuma yake. Niliporudi kusikiliza, upepo ulikuwa mbele na mzee yuko nyuma ya upepo. Maikrofoni ya ndani ya kamera iko pale kamera ilipo, si pale mdomo ulipo, na hakuna megapikseli inayoweza kurekebisha hilo. Maikrofoni ya bei ya chini iliyobanwa kwenye kola ya shati inaishinda ya ndani ya kamera yoyote katika mstari huu.

550D ilibakiza tatizo moja: kiwango cha sauti kilijiendesha chenyewe. Mtu akinyamaza, kamera ilipandisha sauti kumtafuta, na ukasikia mvumo wa chinichini. Februari 2011 ilikuja 600D, ambayo kwa picha za kawaida ni karibu 550D ile ile: megapikseli 18, fremu 3.7 kwa sekunde. Lakini kwa video ilikuwa na nyongeza mbili za maana: skrini inayofunguka pembeni na kugeuka, na uwezo wa kupanga kiwango cha sauti kwa mkono.

Ona basi jinsi hatua moja inavyoweza kuwa na thamani mbili. Mpiga picha za mnato aliyetoka 550D kwenda 600D hakupata kitu cha kumfanya aongeze pesa. Mpiga video alipata viwili anavyovitumia kila siku.

Kikwazo kilichobaki kwa zote mbili ni urefu wa video. Faili likifika gigabaiti 4, ambayo kwa 1080 ni takribani dakika 12, kamera husimama na inabidi ubonyeze tena. Ukirekodi hotuba ya mgeni rasmi, hakikisha unajua dakika ya 12 inafika lini.

2012 na 2013: hatua kubwa, kisha hatua ya jina

650D, ya Juni 2012, bado ilikuwa na megapikseli 18, na kwa sababu hiyo wapo waliodhani haijabadilika. Ilikuwa imebadilika sana. Ilipata skrini ya kugusa. Ilipata fremu 5 kwa sekunde badala ya 3.7. Pointi zake zote 9 za fokasi zikawa za aina ya msalaba, yaani zinasoma mistari ya wima na ya mlalo, wakati ndugu zake wa nyuma walikuwa na ya namna hiyo moja tu ya katikati. Ndiyo ya kwanza kati ya kamera hizi za Canon kuendelea kujitafutia fokasi yenyewe wakati video inarekodi. Na faili likijaa gigabaiti 4 hufungua lingine lenyewe, hadi kufikia dakika 29 na sekunde 59.

Pamoja nayo zilikuja lenzi zenye alama STM, ambazo mota yake ni tulivu na laini. Kwa video lenzi hizo ni muhimu, kwa sababu mota za lenzi za zamani husikika kama panya anayetafuna nyuma ya kabati.

Kisha, miezi tisa tu baadaye, Machi 2013, ikaja 700D. Megapikseli zile zile, fremu 5 zile zile, pointi 9 zile zile, skrini ya namna ile ile, betri ile ile. Kilichoongezeka ni gurudumu la juu linalozunguka mzunguko mzima bila kukwama, uwezo wa kuona vichujio vya rangi kwenye skrini kabla ya kupiga, na lenzi mpya ya 18-55 ya STM kwenye kifurushi.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali tulilolianza. Kati ya mwili wa 650D na mwili wa 700D, usiongeze hela kwa sababu ya namba. Ongeza kama 700D inakuja na lenzi ya STM na 650D inakuja na ya zamani, au kama 700D imetumika kidogo zaidi. Jambo moja la kuangalia kwenye 650D: mwaka 2012 Canon yenyewe ilitoa taarifa kwamba raba ya kushikia katika baadhi ya kamera za awali ingeweza kugeuka nyeupe. Ikague.

2015 hadi 2020: fokasi inakomaa

750D na 760D zilitangazwa pamoja Februari 2015, zikiwa na megapikseli 24.2, pointi 19 za fokasi zote za msalaba, na Wi-Fi ya kutuma picha kwenye simu. Tofauti kati yao iko kwenye vidhibiti: 760D ina skrini ndogo ya taarifa juu na gurudumu la nyuma. Picha zao ni sawa.

800D, ya Februari 2017, haikuongeza megapikseli. Iliongeza pointi za fokasi hadi 45, fremu 6 kwa sekunde, Bluetooth, na video ya 1080 kwa fremu 60. Zaidi ya yote ilipata teknolojia ambayo Canon huiita Dual Pixel, iliyokuwa imeanza kwenye 70D mwaka 2013. Kila nukta ya kihisi imegawanywa mara mbili, na kamera hulinganisha nusu hizo kujua fokasi iko mbele au nyuma. Kwa anayejirekodi mwenyewe bila msaidizi, hii ndiyo hatua kubwa ya pili baada ya tundu la maikrofoni. Ukisogea, fokasi inakufuata bila kuhangaika mbele na nyuma.

850D, ya Februari 2020, ilileta fremu 7 kwa sekunde, betri inayodumu zaidi, na video ya 4K. Lakini soma maandishi madogo: ikirekodi 4K, hukata kingo za picha kwa kiasi kikubwa, na ile fokasi ya Dual Pixel haifanyi kazi. Kwa hiyo wengi wenye 850D hubaki kwenye 1080, ambako 800D nayo ni hodari.

Baada ya hapo Canon imeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, na 850D haijapata mrithi katika mstari huu.

Hesabu ya megapikseli

Kutoka 6.3 hadi 24 ni karibu mara nne, na muuzaji atakuambia picha ni bora mara nne. Tufanye hesabu. Picha ya 300D ina nukta 3,072 kwa upana. Ya 800D ina nukta 6,000. Kwa upana imeongezeka karibu mara mbili tu, kwa sababu nukta huongezeka kwa upana na kwa urefu pia.

Ukichapisha kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, picha ya 300D inatosha karatasi ya takribani inchi 10 kwa 7. Ya 550D hadi 700D inafika inchi 17 kwa 11.5. Ya 800D inafika inchi 20 kwa 13. Albamu nyingi za harusi zinatoshelezwa na megapikseli 18. Na fremu moja ya video ya 1080 ina nukta milioni 2 tu.

Kilicho muhimu zaidi ukumbini ni ISO, yaani uwezo wa kamera kufanya kazi kwenye mwanga hafifu. 300D hadi 450D hufika 1600. 500D hufika 3200, 550D na 600D 6400, 650D na 700D 12800, na 800D 25600, bila kuhesabu viwango vya ziada. Usiamini kila kiwango kilichoandikwa. Ukikaribia mwisho, picha hujaa chengachenga. Lakini mwelekeo ni wa kweli: kilichokuwa kiwango cha mwisho cha kamera moja huwa cha kawaida kwa ile iliyokuja hatua mbili mbele yake.

Visivyobadilika, na hapo ndipo pesa hukaa

Kamera zote hizi, kuanzia 300D, hupokea lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, na za EF-S, zilizoanza na 300D yenyewe. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 uliyonunulia 550D itaingia kwenye 850D bila neno, na kwa kutumia adapta itaingia hata kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo. Mwili huzeeka, lenzi hubaki. Kijana mwenye 600D na lenzi hiyo atapiga picha ya bibi harusi ukumbini vizuri kuliko mwenye 750D na lenzi ya kifurushi peke yake, kwa sababu f/1.8 inaingiza mwanga mwingi zaidi.

Betri nazo zina makundi: LP-E5 kwa 450D na 500D, LP-E8 kwa 550D, 600D, 650D na 700D, LP-E17 kwa 750D hadi 850D. Mahali umeme unapokatika, betri mbili au tatu zinazoingiliana ni mali.

Kabla hujalipa

Kwa picha za mnato pekee, chochote kati ya 550D na 700D kinatosha kuanzia, na pesa iliyobaki iende kwenye lenzi. Kwa video yenye mahojiano, usishuke chini ya 600D. Kwa kujirekodi mwenyewe, subiri ufikie 800D, au 200D kama unataka ndogo. Na ujue kwamba hakuna kamera hata moja katika mstari huu yenye tundu la hedifoni, kwa hiyo rekodi kidogo, sikiliza, ndipo uanze kazi.

Ukiwa mbele ya muuzaji, nenda na kadi yako, betri iliyojaa na maikrofoni yako. Piga picha ya ukuta mweupe au anga kwa f/16, kisha uikuze: madoa meusi ni vumbi au kovu kwenye kihisi. Fungua na kufunga skrini inayogeuka mara kadhaa huku imewaka, uone kama inazima. Chomeka maikrofoni urekodi nusu dakika. Chungulia nafasi ya betri kama kuna kutu. Uliza imepiga picha ngapi, na usiridhike na "kidogo tu"; kamera ya studio huchoka kuliko ya nyumbani hata kama zimetoka mwaka mmoja.

Mwisho, soma jina lililoandikwa kifuani mwa kamera, herufi kwa herufi, ulilinganishe na orodha ya hapo juu. Muuzaji anakupangia bei kwa namba. Wewe mpangie kwa kazi unayokwenda kuifanya nayo Jumamosi.